Je, Piranesi aliyatia chumvi magofu ya Roma?

Ndugu, umeuliza kama Piranesi, mchoraji na mchapaji picha wa Italia wa karne ya 18, aliyatia chumvi magofu kwenye picha zake za Roma. Kwa ukubwa, ndiyo. Alichora kana kwamba mtazamaji yuko chini karibu na ardhi, akaweka watu wadogo mno miguuni pa nguzo, ndiyo maana majengo yanakuelemea. Ila uchakavu hakuubuni. Katika karne ya 18 Tao la Septimius Severus, lango la ukumbusho la kale mjini Roma, lilikuwa kweli limefukiwa kwa udongo sehemu yake ya chini, na ng'ombe walikuwa wakilishwa pale pale ulipokuwa moyo wa dola la Kirumi.

Mimi kinachonigusa zaidi ni mbinu yenyewe ya kuchapa picha hizo. Bamba la shaba hupakwa nta, huchorwa kwa sindano, kisha huingizwa kwenye tindikali, ambayo hula shaba pale tu sindano ilipopita; mistari hiyo ndiyo hushika wino wa kuchapa. Yeye alirudia hatua hiyo zaidi ya mara moja, akiziba mistari aliyotaka ibaki hafifu. Tazama karibu: anga ni jepesi, lakini nyufa na magugu ya mbele yamekolea wino mweusi mzito.

Wanaosema alifurahia uharibifu wanamwonea. Katika juzuu zake za 1756 kuhusu mambo ya kale ya Roma, alilalamika kwamba mabaki yanapungua siku hadi siku, kwa uharibifu wa wakati na kwa watu wanaobomoa ili wauze mawe ya kujengea. Alichapa ili yasipotee.