HGL au diploma ya kompyuta?

SWALI: Shikamoo kaka. Mwanangu kamaliza kidato cha nne, hesabu kapata C, fizikia D. Amepangiwa kidato cha tano, tahasusi ya HGL. Mwenyewe hataki, anaomba diploma ya kompyuta pale Chuo cha Ufundi Arusha. Mjomba wake amekuja juu: ufundi ni wa waliofeli, asome Form Six aende chuo kikuu. Nimsikilize nani?
Mama wa Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kuhusu chuo kikuu sibishani na mjomba. Nabishana naye kuhusu HGL. Historia, jiografia na Kiingereza ni masomo mazuri, ila shahada nyingi za kompyuta zinataka hesabu au sayansi za kidato cha sita. Atamaliza miaka miwili halafu aanze kutafuta pa kupenyea.

Diploma inapita ngazi ya 4, 5 na 6 za NACTVET, lile baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, kwa kawaida miaka mitatu. Akiwa na wastani wa 3.0, anaweza kuomba shahada. Hata asiende mbali: Chuo cha Uhasibu Arusha pale Njiro, usishangae jina, wana shahada ya sayansi ya kompyuta.

Mimi nafunga mitandao mahotelini hapa Arusha, na vijana wa fildi, yaani wanaokuja kujifunza kazi, napokea wa pande zote mbili. Wa diploma ukimpa krimpa, koleo la kubania vichwa vya waya wa mtandao, hakuulizi mpangilio wa rangi za nyaya: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Anabana kichwa, anachomeka testa ya kupimia waya, taa zinawaka moja hadi nane. Wa shahada anaijua nadharia kunishinda, lakini rangi anauliza. Sasa, rangi namfundisha asubuhi moja. Ila ikija kazi ya kuandika programu ya kupokea oda za wageni, yule wa shahada ndiye ananisaidia, na hesabu alizonazo siwezi kumpa mwenzake kwa asubuhi moja.

Kwa hiyo kijana aende diploma. Akipenda nyaya na seva, ataanza kula kwa cheti hicho. Akipenda kuandika programu, aunganishe shahada, na hesabu asiziache hata likizo. Hiyo C si haba.

Nafasi ikikosekana pale, msikimbilie chuo chochote chenye bango barabarani. Angalieni kwanza kama NACTVET wanakitambua, na kwa kozi hiyohiyo anayoiomba. Mjomba kama bado ana hasira, mpe kazi ya kulipia ada.