Dhahabu, chumvi na koti la protini: majibu kwa maswali yenu

Kwa nini mstari wa kipimo cha haraka cha malaria ni mwekundu, na mnasema una dhahabu?

Ni dhahabu kweli, ila ya chembe ndogo mno, mara nyingi za nanomita 40 hivi. Chembe 25,000 zikijipanga foleni hutimiza milimita moja. Kwa udogo huo dhahabu hunyonya mwanga wa kijani, nasi tunaona wekundu. Kila chembe imevikwa kingamwili, ambazo ni protini, za kunasa protini ya kimelea.

Nimetengeneza dhahabu ya namna hiyo maabara ya chuo. Nilipotia chumvi ikawa bluu papo hapo. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Michael Faraday aliyaeleza mageuko hayo London mwaka 1857. Chembe zako zina chaji hasi, na ndiyo inayozifanya zisukumane. Ukitia chumvi, ioni za sodiamu, yaani atomi zenye chaji chanya, huzizingira na kuifunika chaji hiyo. Kwa chumvi ya kadiri ya damu, gramu 9 hivi kwa lita, msukumo haufiki hata nanomita moja. Chembe hukaribiana, mvuto huzidaka, zinashikamana, na rangi hugeuka. Chumvi ya magnesi, yenye ioni za chaji mbili, hutosha kwa kiasi kidogo kuliko hicho.

Sasa rudia jaribio ukitanguliza protini. Chumvi itafunika chaji vilevile, lakini chembe zitagusana makoti kabla mvuto haujapata nguvu, na wekundu utabaki. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama: wanaibania protini. Chembe iliyovikwa nusu ni hatari kuliko iliyo uchi, kwa sababu protini moja yaweza kushika chembe mbili na kuziunganisha. Panga mirija kumi, ongeza protini hatua kwa hatua, kisha tia chumvi kote. Chukua kiwango cha kwanza kinachobaki chekundu, halafu ongeza kidogo juu yake. Richard Zsigmondy, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1925, alitumia njia ya jamii hiyo kupima uwezo wa jelatini na gundi za miti kuilinda dhahabu. Mimi naipenda hadi leo, maana jicho lako tu linatosha kusoma jibu.

Maziwa hukatika nikitia ndimu, lakini si nikitia chumvi kidogo. Kwa nini?

Vitonge vya kaseini, protini kuu ya maziwa, vimeota vinyweleo vya protini vinavyovitenganisha, na chumvi kidogo haviiogopi. Ndimu huua chaji ya vinyweleo vyenyewe, vinalala. pH, yaani kipimo cha uchachu, ikikaribia 4.6 vitonge vyote hugandamana.

Zahanati yetu imeishiwa bafa, kile kimiminika kinachodondoshewa kwenye kipimo cha malaria pamoja na damu. Tutumie maji ya dripu?

Hapana, nawasihi. Ndani ya bafa kiasi cha chumvi, pH na sabuni vimepimwa ili dhahabu ile itembee juu ya ukanda bila kunata pasipotakiwa. Ukiweka dripu, maji ya bomba au bafa ya kipimo kingine, mstari wa malaria waweza kujitokeza kwa mtu asiye na malaria, huku mstari wa uhakiki, ule wa kuonyesha kuwa kipimo kimefanya kazi, ukionekana sawasawa. Mtoto atameza dawa ya malaria, na homa yake halisi itaendelea bila kutibiwa. Andikeni upungufu huo leo, na wagonjwa wapimwe kwa hadubini hadi bafa yenyewe ifike.