Tusiulizane kama filamu ilikuwa nzuri

Tuko saba, siku nyingine nane. Jumamosi jioni tunakutana Katuba, hapa Lubumbashi, katika lupango (ua wa nyumba) la mama mmoja ambaye sote tunamwita Mama, hata wale walioanza kuja juzi. Kuna televisheni moja, kle (ile ya USB) iliyojaa filamu, mabenchi mawili, viti vya plastiki, na mbabula, yaani jiko la mkaa, pembeni: michopo, nyama ya kuchoma, ikiwa pesa ipo, mahindi ikiwa haipo. Ni mwaka wa tano sasa. Haya ninayoyaandika nimejifunza kwenye mabenchi hayo, na moja lilinigharimu rafiki kwa muda wa miezi mitatu.

Siku hiyo tuliangalia Makala, filamu ya mwaka 2017 ya Mfaransa Emmanuel Gras. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akisikia neno hilo atafikiria gazeti. Kwetu makala ni mkaa wa kupikia. Filamu inamfuata mwanaume mmoja wa kijiji cha upande wa Kolwezi. Anakata mti mkubwa, anaufukia kwenye tanuru la udongo, anauchoma, halafu anapakia magunia kwenye kinga (ndivyo tunavyoita baiskeli) mpaka kinga yenyewe haionekani, na anaisukuma kilomita karibu 50 ili akauze mjini. Hakuna sauti ya msimulizi. Watu wanaongea Kiswahili. Kamera inakaa nyuma ya mgongo wake na wewe unasukuma naye.

Ilipoisha, mimi ndiye niliyefungua kinywa kwanza. Nilikuwa nimesoma kwamba mwaka ule ule ilipata tuzo kubwa ya Wiki ya Wahakiki kule Cannes, kwenye tamasha la filamu la Ufaransa, nikaanzia hapo. Nikasema imepigwa vizuri mno, nikasifu mwanga wa asubuhi ndani ya vumbi, nikasema mwaka huu hatujaona nyingine kama hiyo. Mwenzangu akaitikia, "Njo vile, iko muzuri kabisa." Mwingine akasema hapana, ni ndefu, mtu anasukuma tu. Tukagawanyika hivyo, huku wa muzuri, kule wa mubaya, tukapandisha sauti. Rafiki yangu mmoja, fundi wa magari, hakusema neno. Alisema kesho anaamka mapema, akaaga, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata hakuja, na iliyofuata vilevile.

Nilimkuta miezi mitatu baadaye kwenye soko la Kenya, mtaa wetu wa Kenya, si nchi. Nilimuuliza kama kuna kosa nimemfanyia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Papa yangu alisukuma kinga ile ile. Wewe ulikuwa unasifu mwanga."

Nimelifikiria neno hilo usiku mwingi. Kuhusu mwanga sikusema uongo, ni mzuri kweli. Lakini nilivyoanza na hukumu, tena nikaibeba na tuzo ya Cannes mkononi, nilimwachia njia mbili tu: akubaliane nami au apigane nami. Alichokuwa nacho yeye hakikuwa kukubali wala kukataa. Alikuwa na baba yake, na baba yake hakuwa na mahali pa kukaa kati ya muzuri na mubaya.

Basi ushauri wangu wa kwanza, na kama utachukua mmoja tu chukua huu: filamu ikiisha, usiulize kama ilikuwa nzuri, na usiwe wa kwanza kujibu. Kaa. Chochea moto. Acha mtu mwingine aanze, na ikiwezekana awe yule ambaye huwa haanzi.

Tuulizane nini sasa? Swali tulilo nalo tulipewa na Mama. Yeye ni wa kizazi kilichokua na maigizo ya mwigizaji Mufwankolo na kundi lake, kwenye redio na baadaye televisheni: watu wa hapa hapa, wakiigiza kwa Kiswahili chetu habari za ndoa, deni, kazi, ukweni. Mama anatuambia kwamba kwao igizo likiisha hakuna aliyesema Mufwankolo ameigiza vizuri, hilo lilijulikana. Watu walibaki wakiulizana, "Nani alikosa?" Je, alikosa mume aliyeficha mshahara, au mke aliyeenda kusema kwa mama yake, au yule shemeji aliyeleta maneno? Baba alisema hivi, jirani alipita akasema vile, na asubuhi kwenye bomba la maji mjadala uliendelea.

Jumamosi moja baada ya mimi kurudi kutoka kwa rafiki yangu, Mama alituuliza hivyo hivyo kuhusu yule mchoma makala. "Pale nani alikosa?" Mwanzoni tulisema upesi: wale wa njiani wanaomdai chochote ili apite. Halafu mmoja akakumbuka gari lililomwangushia mzigo barabarani. Halafu kukawa kimya, kwa sababu tulifika mjini, kwa wanunuzi wanaomkatia bei mtu aliyesukuma kwa siku kadhaa. Mama aliangalia mbabula yake. Sisi sote tunapika na makala. Sote tunakata bei ya gunia, na tukirudi nyumbani tunajisifu. Mwingine akasema mti naye je, mbona hatuuhesabu, msitu unazidi kwenda mbali na mji kila mwaka. Tuliongea mpaka saa tano usiku. Hakuna aliyetamka neno Cannes.

Swali la nani alikosa lina nguvu kwa sababu linamtoa mtu kwenye kiti cha hakimu wa filamu na kumweka ndani ya filamu. Huwezi kulijibu bila kutaja tukio, sura ya mtu, neno lililosemwa. Na ukishataja tukio, mwenzako anaweza kusema "mimi pale niliona tofauti" bila kukutukana. Mtu akikuambia ladha yako ni mbaya anakugusa wewe mwenyewe. Akikuambia hukuona mkono wa yule mama ulivyotetemeka, mnarudisha nyuma dakika mbili na kuangalia pamoja.

Sisemi kwamba filamu zote ni nzuri. Nyingine zimefanywa ovyo, na urafiki wa kweli unaruhusu kusema hivyo. Ila sema ilikuchosha wapi. "Iko mubaya" peke yake haimsaidii mtu.

Kuna jambo la umeme, na hili watu wa miji mingine huenda hawalijui. Hapa filamu inaweza kukatika katikati. Watano wanaimalizia kwa simu usiku ule, wawili wanangoja Jumamosi ijayo, mmoja anasafiri. Kwa hiyo kwenye kundi moja kuna watu wanaojua mwisho na watu wasioujua, wote wana hamu ya kuongea. Tulikosana sana kwa ajili hiyo. Tukaweka sharti: mwisho hausemwi mpaka wa mwisho awe ameuona. Mpaka hapo tunaongea hadi pale umeme ulipokatika, tusivuke. Nilidhani sharti hilo litatubana, kumbe lilitufungua. Tukilazimika kubaki nusu ya filamu, tunaanza kubashiri, na mtu akibashiri anajifunua: huyu anategemea msamaha, huyu anategemea kisasi. Baadhi ya jioni zetu bora zilikuwa za filamu ambazo hatukuzimaliza.

Kwenye simu jihadhari zaidi. Ujumbe wa sauti wa dakika sita, uliorekodiwa saa sita usiku na mtu aliyetoka tu kuangalia, umejaa joto na hauna macho ya kutazama. Mimi sasa natuma tukio moja tu: "Kumbukeni pale alipofunga mlango." Basi. Mengine yanangoja lupango.

Halafu lugha. Wengi wetu tumesoma kwa Kifaransa, na tukianza kuongea filamu kwa Kifaransa tunageuka wanafunzi mbele ya mwalimu. Yanatoka maneno makubwa, yanatoka mafupi, na wale wasiokwenda shule sana wanaacha kuongea. Mama anaacha kuongea! Tukirudi kwenye Kiswahili, sentensi zinarefuka, mikono inatumika, mtu anaigiza alichokiona. Sikatazi Kifaransa, mara nyingine neno linakuja hivyo. Ila angalia ni nani ananyamaza unapobadilisha lugha.

Jioni iliyotupima zaidi ilikuwa ya Augure, ya mwaka 2023, filamu ndefu ya kwanza ya Baloji, mzaliwa wa huku kwetu Lubumbashi. Nayo ilipata tuzo Cannes, kwenye Un Certain Regard, sehemu mojawapo ya tamasha lile, lakini safari hii sikulisema. Koffi anarudi kutoka Ubelgiji na mchumba wake kuwaona ndugu ambao tangu utoto wanamwona mchawi, kwa sababu ya alama aliyozaliwa nayo. Wanampa mtoto mchanga ambebe, pua inamtoka damu, damu inamdondokea mtoto, na pale pale kila mtu anaruka. Kwa sikio la Katanga, eneo letu hili, jina la mtunzi lenyewe linasikika kama wachawi, na mwenyewe ameeleza hadharani uzito wa kubeba jina hilo. Unaweza kufikiria hewa ilivyokuwa kwenye mabenchi.

Yaya mmoja wetu (kwetu yaya ni ndugu mkubwa), mtu wa kanisa, mkubwa kwetu sote, alisema filamu hiyo inawaambia wazungu kwamba sisi ni watu wa bulozi, yaani uchawi. Mimi niliona kinyume, kwamba inawaonyesha wale wanaomwita mwenzao mulozi, na machozi wanayosababisha. Zamani ningemrukia. Au ningenyamaza kwa sababu ni mkubwa, kisha nikamsema nyuma yake, jambo ambalo ni baya zaidi. Nilisema, "Yaya, niruhusu niseme nilichoona pale kwa mtoto." Nikataja damu, nikataja mikono iliyomnyang'anya mtoto. Yeye akataja mavazi na moto na kuuliza nani aliyalipia hayo yote na kwa macho ya nani. Swali lake lilikuwa la haki, na mpaka leo sina jibu lote.

Mkubwa anapingwa kwa kuombwa nafasi, na nafasi hiyo ukiiomba kwa kweli huwa anaitoa. Hofu ya kupingana nayo inaua mazungumzo. Nimeona makundi ambayo kila mtu anaitikia "njo vile, njo vile" mpaka usingizi.

Kisha Mama akauliza swali lake, na tukaenda kwa mama yake Koffi. Nikasema yeye ndiye aliyekosa, mama hamwachi mtoto wake. Dada mmoja, ambaye kwa kawaida huja kwa ajili ya chakula na kuondoka mapema, akaniambia polepole, "Wewe hujazaa mutoto mwenye wote wanamuogopa." Hakueleza zaidi. Hatukumuuliza. Mtu akitoa kitu kama hicho, kipokee na ukiache mezani kama alivyokiweka. Usichimbe. Kuna filamu zinazogusa kidonda, na mwenye kidonda ndiye anayejua ni kiasi gani afunue na ni lini. Nilibadilisha mawazo yangu nusu. Nusu nyingine bado ninayo, naye anajua, na tunakaa benchi moja.

Fundi wa magari alirudi. Nilimwomba msamaha pale pale sokoni, bila kujieleza, na hakusema atakuja. Ila aliniomba kle yenye Makala. Aliiangalia nyumbani na mama yake mzazi, mjane sasa, mara mbili.

Jumamosi aliyokuja alikaa pembeni, karibu na mbabula. Hatukumuuliza kitu. Tulipomaliza kula akasema mama yake hakulia kama alivyoogopa. Muda wote alikuwa anaangalia kamba. Alimsimamisha mwanawe mara kadhaa ili aone magunia yalivyofungwa, yale ya chini, yale ya pembeni, fimbo zinazoyazuia yasimwangukie mwenye kusukuma. Alisema yule bwana anajua kazi, lakini papa yako alikuwa na fundo jingine, alilolitoa kwa babu yake, na halikuwahi kufunguka njiani.

Tukamwomba atuonyeshe. Hakukuwa na kamba. Mama akaingia ndani, akatoka na ile ya kuanikia nguo, na rafiki yangu akapiga magoti kwenye vumbi, akalivuta benchi moja lisimame badala ya kinga, akaanza kufunga.