Kabla ya kulipia kipimo cha viinitete, uliza kinatafuta nini

Mimi ni AS, yaani nimebeba jeni moja ya selimundu bila kuumwa, mume wangu AS, na hatukujua mpaka mtoto wetu alipovimba vidole vya mikono na miguu akiwa na miezi minane. Ana selimundu. Kwa wazazi kama sisi, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto wa SS, yaani mwenye jeni mbili za selimundu na anayeumwa, hata kama aliyetangulia anaumwa.

Ndiyo maana tulienda kupandikiza (IVF: mayai hurutubishwa maabara, kisha kiinitete, yaani mimba changa kabisa, huwekwa tumboni), ingawa kushika mimba hakukuwa shida yetu. Kliniki ya kwanza ilituambia viinitete vyote vitapimwa, tusiwe na hofu. Fedha za kiwanja tulichouza zilikuwa tayari. Nilipouliza mara ya tatu ndipo nikaelewa kwamba kipimo chao ni PGT-A, kinachohesabu kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Kiinitete cha selimundu kinaweza kuwa na kromosomu zake 46 kamili, kikapita! Tulichohitaji ni PGT-M, kinachotafuta hitilafu ya jeni moja. Dada yangu, usione haya. Uliza: "Hiki kinaona selimundu?" Wakizungukazunguka, inuka uondoke.

PGT-M huanza na damu. Walichukua yangu, ya mume wangu na ya mtoto, maabara ikaandaa kipimo cha familia yetu. Zikapita wiki kadhaa kabla sijachomwa sindano ya kukuza mayai. Yalitolewa 12, siku ya tano baada ya kurutubishwa tulibaki na viinitete vinne. Huchukuliwa seli chache upande utakaokuwa kondo la nyuma, kisha viinitete hugandishwa kusubiri majibu. Kimoja SS, viwili AS, kimoja hakikusomeka. Nililia kwa kukosa AA, asiye na jeni ya selimundu kabisa, mpaka daktari aliponiambia, "Mama, AS si ndiyo wewe mwenyewe?"

Cha kwanza cha AS kilipandikizwa, hakikushika. Cha pili kilishika, na bado tulishauriwa kupima maji ya uzazi, maana kipimo cha kiinitete huweza kukosea. Tulikubali.

Jambo moja hakuna aliyenitayarisha nalo. Mwanangu, sasa ana miaka saba, alitusikia tukisema "tusipate mwingine wa hivi". Usiku akaniuliza kama yeye tungemchagua. Nilimkumbatia, nikamwambia tunachokimbia ni maumivu yake, yeye tungemchukua mara mia. Tangu siku hiyo mazungumzo ya viinitete tunayafanyia nje, yeye akiwa amelala.