Ruta ya pili haitoi intaneti

Dada, umesema ruta ya pili (kifaa cha kusambaza Wi-Fi) uliyoweka chumba cha nyuma cha saluni yako pale Kondele inaonyesha mawimbi vizuri, simu zinaungana, lakini intaneti hakuna. Nadhani ruta zote mbili zinagawa anwani, yaani namba za kutambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Ya kwanza ndiyo igawe. Ya pili isambaze mawimbi tu.

Chomoa kebo inayotoka ruta ya kwanza. Unganisha kompyuta na ruta ya pili peke yake, ingia kwenye mipangilio. Kama anwani ya ruta ya kwanza ni 192.168.1.1, ipe hii 192.168.1.2, kisha zima DHCP, ndiyo inayogawa anwani. Hifadhi. Sasa tazama matundu ya nyuma: moja limeandikwa WAN, la kuingizia intaneti kutoka nje, mara nyingi lina rangi yake. Hilo liache wazi kabisa! Rudisha kebo ya ruta ya kwanza kwenye tundu la LAN, la vifaa vya ndani. Hapo ndipo wengi hukwama, nami nilikwama jioni nzima.

Chagua WPA2, ulinzi wa Wi-Fi, na ubadilishe nenosiri la kiwandani, tafadhali, maana wateja wanaingia na kutoka. Ruta moja itumie chaneli (njia ya mawimbi) 1, nyingine 6 au 11, zisiingiliane. Na kama ukuta wa katikati ni wa mabati, ruta ya pili ikae upande wa wateja. Mabati huzuia mawimbi vibaya sana.