Mpira wa Katikati ni wa Nani? Niliyojifunza kwenye Pikoboli ya Wawili Wawili

Tulikuwa sare, tisa kwa tisa. Mpira ukaja taratibu, ukapita kati ya bega langu la kulia na bega la kushoto la mwenzangu, ukadunda nyuma yetu. Nilikuwa nimemwachia yeye, naye alikuwa ameniachia mimi. Dakika chache baadaye tulikuwa tunawapa mikono waliotufunga kumi na moja kwa tisa.

Ilikuwa Dar es Salaam, mashindano yetu ya kwanza yenye zawadi ya fedha, na baadhi ya wapinzani walikuwa watu wanaoishi kwa kufundisha mchezo huu. Nawaandikia wachezaji wenzangu wa Dodoma mnaotaka kujiandikisha, msije mkalipia ada na nauli kwa ajili ya makosa ambayo sisi tumeshayafanya.

Kwa aliye mgeni: pikoboli ilianzia Marekani mwaka 1965, kwenye kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington. Mnatumia vibao na mpira wa plastiki wenye matundu. Gemu kwa kawaida huishia pointi 11, kwa tofauti ya mbili, na ni upande unaoanzisha mpira tu unaopata pointi. Mbele ya neti kuna eneo ambalo wachezaji wanaliita jikoni. Ukiwa umekanyaga humo, huruhusiwi kuupiga mpira kabla haujadunda.

Hilo jikoni lilitugharimu mapema. Uwanja wa pikoboli unalingana kabisa na ule wa badminton ya wawili wawili, mita 13.4 kwa 6.1, kwa hiyo huku tulikuwa tunafanyia mazoezi kwenye uwanja wa badminton wa shule moja. Tulishusha neti hadi sentimita 91 pembeni na 86 katikati, tukaona tumemaliza. Mstari wa mbele hatukuugusa. Kumbe mstari wa badminton uko mita 1.98 kutoka kwenye neti, na wa jikoni uko mita 2.13. Sentimita 15 tu, lakini miguu yetu ilikuwa imezoea kusimama pale kwa miezi mingi, na refa alituita kosa mara tatu kwenye mechi ya kwanza. Nunueni chaki, pimeni kwa futi kamba, choreni mstari wenu. Na mkumbuke kwamba ukipiga mpira hewani, kisha kasi ikakusukuma ukamgusa mwenzako aliyesimama jikoni, hilo nalo ni kosa.

Jambo la pili ni hewa. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira unaenda mbali kidogo. Mkono wako unazoea hivyo bila wewe kujua. Tulipofika Dar, ule mpira wa tatu, yaani pigo linalofuata baada ya la kuanzisha na la kurudisha, ambao mnaudondosha kwa upole jikoni kwa wapinzani ili mpate nafasi ya kusogea mbele, ulikuwa unaishia kwenye neti. Tulidhani ni woga. Tungeshuka siku mbili kabla, mkono ungejirekebisha, na siku hizi kuna treni ya SGR, safari si ya kuchosha. Halafu jasho: huku linakauka lenyewe, kule linabaki kiganjani na kibao kinateleza. Beba taulo mbili.

Lakini hayo yote yanarekebishika kwa siku chache. Mpira wa katikati ulituchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu chanzo chake hakikuwa uwanjani.

Mwenzangu ni mwalimu wa sekondari, amenizidi miaka minane, na yeye ndiye aliyenishikisha kibao kwa mara ya kwanza. Namwita dada, naye ananiita mdogo wangu. Mimi nasimama kushoto na napiga kwa mkono wa kulia, maana yake mpira wa katikati unakuja upande wangu wenye nguvu, na kwake unakuja upande wa nyuma ya mkono. Kwa hesabu hiyo ulikuwa wangu. Nikamwachia kwa heshima, kama ninavyompisha mlangoni. Nilipomweleza hivyo kwenye treni wakati wa kurudi, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mdogo wangu, ukinipisha pale unanifungisha."

Waangalieni ndugu wawili wa Marekani, Ben na Collin Johns, ambao kwa miaka kadhaa walitawala pikoboli ya kulipwa ya wanaume wawili wawili. Collin alitulia kulia akirudisha mipira kwa upole, Ben akiwa kushoto akiivamia ya katikati. Kaka mkubwa alikuwa Collin. Kukubali kazi ya kimya hakukumpunguzia kitu.

Kuna na suala la "pole". Wapinzani waligundua mapigo yangu ya nyuma ya mkono ni dhaifu, wakanielekezea karibu kila mpira. Kila nilipokosea, dada aliniambia pole, kwa upendo kabisa, nami nikajibu samahani. Kufikia gemu ya pili kila pole ilikuwa inanikumbusha kosa lililopita, nikaanza kupiga kwa hasira ili nimalize haraka. Yeye naye akaanza kurukia upande wangu kunisaidia, wakapiga pale alipotoka. Sasa tumekubaliana: pole zinasubiri gemu iishe. Katikati ya pointi na pointi tunaambiana mpira unaofuata tu. "Chini." "Mguuni kwake." Anayeandamwa kazi yake ni kuurudisha jikoni kwa upole mpaka wachoke, mwenzake abaki mahali pake.

Kwenye gemu ya pointi 11 mnaruhusiwa mapumziko mawili ya dakika moja. Sisi hatukuomba hata moja. Ombeni mkipoteza pointi ya tatu mfululizo, msingoje ya sita.

Siku hizi Jumamosi tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, kabla upepo haujaamka. Mtu wa tatu anaturushia mipira ya katikati peke yake, na mmoja wetu lazima aseme "wangu" kabla haujavuka neti. Neno moja, bila dada wala mdogo wangu. Wiki za kwanza mdomo ulikuwa mzito. Jumamosi iliyopita, kati ya mipira hamsini, iliyopita bila mtu kusema kitu ilikuwa mitatu.