Re: Shawa ya bibi harusi yenye wanaume na wanawake, naanzia wapi?

Dada, shawa ya bibi harusi, yaani sherehe ya kumpa zawadi kabla ya harusi, yenye wanaume na wanawake pamoja inawezekana kabisa na inanoga, ila cha kwanza muulize bibi harusi mwenyewe, maana wapo wanaotaka siku yao na wanawake wenzao tu, na akikubali basi muulize na bwana harusi.

Umeuliza wanaume watajisikiaje, hapo shida kubwa ni kadi. Ukiandika jina la bibi harusi peke yake hawatakuja, au watakuja wakae pembeni na simu zao, kwa hiyo weka majina yote mawili, andika wazi kwamba jinsia zote wanakaribishwa, na zitoke kama wiki 4 mpaka 6 kabla. Na usimwalike mtu ambaye hayupo kwenye listi ya harusi, inaumiza sana.

Zawadi ziwe za nyumba yao wote wawili, taulo, vyombo, vifaa vya kutengenezea vitu, lakini nguo za ndani hapana jamani, baba mkwe amekaa pale! Hizo apewe na marafiki zake wa kike siku nyingine.

Gemu iliyotufanyia kazi sisi ni kumuuliza bwana harusi maswali mapema, unamrekodi kwenye simu, halafu bibi harusi anakisia alijibu nini kabla hujaonyesha video, watu walicheka mpaka machozi, hata wazee. Kufungua zawadi kusizidi nusu saa hivi, wakae wafungue pamoja, na mtu mmoja aandike nani kaleta nini ili washukuru vizuri baadaye. Masaa matatu yanatosha.